Rivolva, Bastola na Mfuko wa Kulia wa Mzee wa Hayes

Simu ilinikuta jikoni nikikanda unga wa chapati. Nikaibonyeza kwa kidole kimoja kilichobaki safi, nikaiweka kwenye spika. Aliyepiga ni rafiki yangu wa Ilford, hapa London, askari mstaafu wa Kenya ambaye siku hizi anaendesha teksi, na ambaye sisi wote tunamwita Afande. Hakuzunguka. “Yule mzee wetu wa Hayes ametuacha,” akasema. “Jana, huko kwake Nakuru.” Kabla sijatamka neno lolote la dini, kabla hata ya kunawa mikono, swali lililonitoka lilikuwa hili: “Amepigwa risasi?” Afande akajibu, “Hapana. Alikula lunch, akaenda kujipumzisha, hakuamka. Daktari anasema ni moyo.” Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikasema alhamdulillahi kwa sauti, peke yangu jikoni, kisha ndipo nikakumbuka kusema innalillahi. Nikaona aibu. Upande wa pili Afande akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kulia. “Usijali,” akaniambia. “Hata mimi nilisema asante Yesu kwanza, ndio nikauliza mazishi ni lini.”

Najua msomaji wangu atashangaa. Mtu anaambiwa mwenzake amekufa, naye anashukuru kana kwamba ameambiwa mwanawe amefaulu mtihani. Lakini ungemjua mzee huyu miaka ile ya mwisho aliyokaa London, ungeshukuru pamoja nasi. Kwa muda mrefu tuliamini, mimi na Afande na zaidi yetu mke wake, kwamba akirudi nyumbani atakufa kwa risasi au ataua kwa risasi, na hatukujua lipi litatangulia. Kwamba amekufa kwenye kitanda chake, ameshiba, viatu viko chini ya kitanda na mkewe yuko chumba cha pili, hiyo kwetu ni habari njema iliyovaa nguo nyeusi. Huzuni ipo, tena ni kubwa. Lakini nimelala usingizi mzuri tangu siku ile, na sitajifanya kwamba sikulala.

Nilimjua nilipohamia Hayes, tukikaa mtaa mmoja, mimi wa Mombasa na yeye wa bara. Alifanya kazi katika ghala la mizigo ya ndege karibu na Heathrow, zamu ya usiku, akilala mchana kama popo. Mkewe alikuwa muuguzi hospitalini, zamu ya mchana. Ndoa yao waliiendesha kwa kupishana mlangoni, mmoja anavua koti na mwingine anavaa, mpaka Jumamosi inapofika. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya wageni, na wageni wa kudumu tulikuwa mimi na Afande. Jambo la kwanza ambalo mtu yeyote angekuambia kuhusu marehemu ni mkono wake. Alisalimu kwa mkono. Hakusalimu kwa kichwa, wala kwa kuinua nyusi kama wafanyavyo watu wa mji huu. Jumapili baada ya ibada ya Kiswahili alisimama mlangoni mwa kanisa, si mchungaji wala si mzee wa kanisa, akampa mkono kila anayetoka, mikono yake yote miwili ikifunika wa kwako. Mfuko wake wa kulia ulikuwa duka dogo: funguo, leso, miwani ya kusomea, na peremende za mnanaa ambazo aligawa bila kukuuliza kama unapenda.

Hofu ilimjia kupitia kwa rafiki yake. Walifanya kazi ghala moja, yule mwenzake akastaafu kabla yake, akarudi Kenya, akahamia kwenye nyumba aliyoijenga kwa miaka akiwa huku. Hakukaa sana. Jioni moja akiwa anafungua lango lake mwenyewe alivamiwa na watu wenye panga, wakamvunja mkono, wakachukua gari. Hakufa, lakini picha zake akiwa amefungwa bandeji zilizunguka kwenye simu zetu, na kila mmoja wetu mwenye nyumba inayojengwa nyumbani aliziona picha hizo akajiona yeye. Mzee wetu naye alikuwa na nyumba, nje kidogo ya Nakuru, ina paa jekundu na dirisha kubwa la sebuleni ambalo alilipenda kuliko vyumba vyote. Lile dirisha ndilo lililoanza kumnyima usingizi. Akaongeza urefu wa ukuta, akaagiza waya wa umeme, akatafuta mbwa, na bado hakulala. Hatimaye akaamua kwamba akifika tu ataomba leseni serikalini na kununua silaha ndogo ya kubeba mfukoni. “Sirudi nyumbani kama kuku wa kuchinjwa,” alituambia.

Mkewe alimjibu siku hiyo hiyo, mbele yetu, akiwa ameshika birika. “Baba watoto, nikwambie mbele ya mashahidi. Mimi nimeshona watu waliopigwa risasi. Hiyo kitu ikiingia kwa ile nyumba, mimi nabaki hapa Hayes. Utakaa na mbwa.” Alisema kwa upole, akatumiminia chai. Basi mambo yakawa hivyo: Mzee hakuweza kurudi bila silaha, na mkewe hakuweza kurudi nayo. Watu waliokuwa wamepishana mlangoni maisha yao yote ya ndoa, wakisubiri kustaafu ili hatimaye wakae kwenye chumba kimoja kwa wakati mmoja, walikuwa karibu kutengana kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa kiganja ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekinunua.

Unadhani basi tulijadili kama anunue au asinunue? Thubutu! Sisi wanaume tukishapewa swali gumu na swali rahisi, tunakimbilia lile rahisi na kulifanya gumu. Tulichojadili Jumamosi baada ya Jumamosi ni ipi inafaa zaidi kukaa mfukoni: rivolva ndogo au bastola fupi iliyo bapa. Ungetusikia ungedhani tuna duka la silaha. Tunakaa katika jiji ambalo raia akikutwa na bastola anakwenda jela, ambalo hata polisi wengi wa mitaani hawabebi bunduki, na bado tukatoa hoja, tukapinga hoja, tukakataliana mpaka mkewe akafunga mlango wa jikoni.

Afande alikuwa wa rivolva. Yeye peke yake kati yetu ndiye aliyewahi kubeba silaha, na alizungumza kama mtu anayemsifu ng’ombe wa maziwa. “Rivolva haina siri, Mzee,” alikuwa akisema. “Risasi zake ni chache, sawa, lakini hakuna mwizi anangojea ya sita. Haina vifungo vya kutafuta na hofu imekushika. Unavuta, inalia. Ukiwa na vumbi, ukiwa na jasho, hata ikiwa ndani ya mfuko imeshikwa na kitambaa, inalia. Haikatai. Hiyo bastola yako itakwama siku unaitaka.” Mzee alikuwa wa bastola. Alisoma na kutazama video mpaka akawa shehe wa somo lenyewe. Kwake tatizo lilikuwa umbo. Rivolva ina tumbo, alisema, ile silinda ya risasi inatokeza, na mtu akivaa suruali ya kitambaa kila anayemwangalia anajua. Bastola bapa inalala mfukoni kama pochi, inabeba risasi zaidi, na kuibadilishia magazini, kile kikasha cha risasi, ni haraka. Afande akauliza, “Utabadilisha magazini na vidole vyako hivi vilivyokakamaa kwa arthritis?” Mzee akanigeukia mimi kutaka kura yangu. Nikasema mimi nabeba kalamu na hata hiyo inavuja. Hawakucheka.

Ikaja hatua ya majaribio. Kutengeneza sanamu ya bastola hakuthubutu; Afande alimwonya kwamba hapa hata kipande cha mti chenye umbo lile kikionekana kwenye treni, utaona helikopta juu ya Hayes. Basi Mzee akachukua makopo mawili ya samaki, yale bapa ya dagaa wa mafuta, akayabana pamoja na kuyazungushia selotepu. Hiyo ikawa bastola. Kwa rivolva akatwaa kufuli zito la zamani, akalitia ndani ya soksi. Wiki moja alitembea na makopo, wiki nyingine na kufuli, akipima lipi linachubua paja, lipi linavuta suruali chini, lipi linamruhusu kukaa kwenye kiti cha basi. Afande alimfundisha kanuni mbili za kazi hiyo. Ya kwanza, mfuko wenye silaha hauwekwi kitu kingine, hata sarafu, kwa sababu ufunguo unaweza kunasa mahali pasipotakiwa. Ya pili, mkono wa kulia usiwe mbali na mfuko huo, na usishughulishwe bila sababu. Mzee akahamisha duka lake. Funguo zikaenda kushoto, miwani ikaenda kwenye shati, na peremende zikakosa mahali zikakomeshwa.

Nilikuwa naye siku moja Edgware Road katika wiki ya makopo. Nilikuwa nimemwomba anisindikize kununua manukato ya harusi ya mpwa wangu, tukamaliza, tukaketi kwenye mkahawa mmoja wa Waarabu tunywe chai. Akapita bwana mmoja mtu mzima wa Unguja ninayemheshimu sana, aliyeondoka kwao kijana na kuzeekea huku. Nikasimama, nikamwamkia, nikamtambulisha rafiki yangu. Yule bwana akamnyooshea mkono. Na Mzee wetu, yule yule wa mlangoni mwa kanisa, akasita, mkono wake wa kulia ukaganda juu ya mfuko, akampa wa kushoto. Wasomaji wa pwani hawahitaji maelezo. Mkono wa kushoto hapewi mtu, sembuse mtu mzima, sembuse mbele za watu. Bwana yule akautazama, akaurudisha wake polepole, akaniambia mimi bila kumtazama mwenzangu, “Hebu nambie, huyu mwenzio ana nini na mimi? Au nimemkosea pahala?” Nikajaribu kueleza. Ningeeleza nini? Kwamba ana makopo ya samaki? Mzee alisimama akaomba radhi, akatoa mkono wa kulia, akashikwa kwa vidole viwili vitatu tu, na bwana yule akajiendea zake.

Njiani kurudi tulipanda treni. Tulipopita Ealing Mzee akaniambia, “Bwana mwandishi, umeona vile nimefanya? Sijui hata nilifikiria nini. Mkono ulikataa.” Nikamwambia ni mazoea tu, yataisha. Akatikisa kichwa. “Nyumbani nitasalimiwa na watu mia kwa siku. Sokoni, kanisani, matanga. Kila mtu akikuja nitafanya hivyo?” Nilimwona anafikiria watu wote ambao angerudi kuwapa mkono, na nilitumaini, nakiri, kwamba jambo lingeishia pale. Halikuishia. Hofu ina kichwa kigumu kuliko aibu. Jumamosi iliyofuata alikuja na suluhisho: abebe mfuko wa kushoto, ajifunze kuvuta kwa kushoto. Afande akasema kwa mkono wa kushoto basi ni rivolva, hakuna mjadala, maana bastola nyingi vifungo vyake vimepangwa kwa mkono wa kulia. Wakaanza upya. Mkewe alipita sebuleni na nguo za kufua, akasimama kidogo kusikiliza, akaniangalia. “Shemeji,” akaniambia, “hata wewe?”

Kilichomaliza mjadala kilitokea Jumanne adhuhuri, na mimi nilikisikia Jumamosi kutoka kinywani mwa Mzee mwenyewe. Tuliingia tukamkuta ameketi, makopo yako mezani mbele yake, chai yake haijaguswa. Hatujakaa vizuri akasema, “Nilimwua mama watoto Jumanne.” Afande alinyanyuka nusu. Jikoni tulisikia sufuria, na sauti ya mkewe akiimba wimbo wa kanisa chini chini. Mzee akainua mkono tutulie, akaeleza.

Alikuwa amelala baada ya zamu. Afande alikuwa amemshauri azoee kuwa na silaha hata nyumbani, kwa hiyo makopo, ambayo wiki hiyo ilikuwa zamu yao, yalikuwa kwenye mfuko wa suruali yake ya kulalia. Akaamshwa na mlango wa mbele. Kulikuwa na mtu anahangaika na kitasa, anakisukuma, anakiacha, anakirudia. Saa zile mkewe yuko kazini, na hakuna mwingine mwenye ufunguo. “Nilitoka kitandani mimi ni mtu mwingine,” alisema. “Sikuwa Hayes. Nilikuwa kwa ile gate ya rafiki yangu.” Akasimama nyuma ya mlango wa sebule. Mlango wa mbele ukafunguka, akaingia mtu mwenye koti kubwa, kofia ya koti imefunika uso, ameinama. Mzee akatoka, akachomoa kilichokuwa mfukoni, akakielekeza kifuani mwa yule mtu kwa mikono miwili kama alivyofundishwa na video, na akavuta. Hakuuliza ni nani. Hakusema simama. Yule mtu akashusha kofia. Alikuwa mkewe, ameshikwa na homa kazini, ameruhusiwa kurudi mapema, vidole vyake vimekufa kwa baridi ndiyo maana ufunguo ulimshinda. Akayatazama makopo yaliyoelekezwa kifuani mwake, akamtazama mumewe, akauliza, “Kwani leo tunakula samaki?”

Ndipo Mzee akaketi chini pale pale kwenye zulia la mlangoni, akalia. Mkewe alidhani ameugua. Alimpima mshipa na homa yake mwenyewe ikiwa juu. Alipoelewa aliketi naye, koti bado liko mwilini, wakakaa hivyo. Mzee alituonyesha kidole chake cha shahada. Pembe ya kopo ilikuwa imemwachia mstari mwekundu, ambao siku nne baadaye ulikuwa bado haujafutika. “Angalieni,” alisema. “Si kuogopesha. Nilivuta. Nilivuta na nguvu yangu yote.”

Afande alikuwa anatazama makopo kana kwamba yatasema. Wiki nyingi alikuwa ameisifu rivolva kwa jambo moja kuu: haikatai. Ukivuta, inalia. Sasa wote watatu tulikuwa tunaliona neno hilo lilivyo. Ile sifa tuliyoipigia kura na kuipinga, ile iliyotufanya tumcheke mwenye bastola inayoweza kukwama, ndiyo ingemzika mwanamke aliyekuwa anaimba jikoni. Kama silaha ile ingekuwa na kasoro, kasoro hiyo ingekuwa ndiyo rehema yake. Afande akavua kofia yake, akaiweka magotini. “Mzee,” akasema, “mimi nimekufundisha vibaya. Nimekufundisha vile ya kuvuta. Vile ya kutovuta hata mimi nilifundishwa miaka mingi na bado nilikuwa naomba Mungu kila nikitoka. Hii imeisha. Si rivolva, si bastola.” Mzee akasema, “Imeisha.” Akaita jikoni, “Mama! Imeisha!” Wimbo ukakatika. Mkewe akaja mlangoni na mwiko mkononi, akatutazama usoni mmoja mmoja kama anayehesabu wagonjwa, akaona ni kweli. Hakusema nilikuambia. Alichukua makopo, akang’oa selotepu, akayafungua, akayakaanga kwa vitunguu na nyanya na pilipili, tukala kwa ugali. Sijawahi kuona watu wanne wazima wakila dagaa wa kopo kwa furaha kama ile. Afande alilamba vidole. Mzee alicheka mpaka akapaliwa, na mkewe akampiga mgongoni kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Walirudi Nakuru wote wawili. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba Mungu aliwawekea malaika langoni kwa sababu walikataa silaha. Wezi walikuja. Alinipigia simu mwenyewe kunieleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimulia mechi ambayo timu yake imefungwa lakini haikuaibika. Walikata waya, wakampa mbwa nyama, wakaingia kwa lile dirisha kubwa la sebuleni. Yeye na mkewe walijifungia chumbani, wakabonyeza kengele, wakakaa chini nyuma ya kitanda wameshikana mikono. Walipokuja majirani, televisheni ilikuwa imekwenda, na mtungi wa gesi, na koti lake zuri la London. “Hilo koti limeniuma,” aliniambia. “Lakini mwandishi, tuko wawili. Asubuhi tumekunywa chai tukiwa wawili.” Baada ya hapo akatia vyuma kwenye dirisha alilolipenda. Hiyo nayo ilimuuma, na ilikuwa haki yake kuumia.

Nimekuwa nikiifikiria sana hofu ile tangu simu ya Afande. Sisi tunaoishi nje tunarudi nyumbani na masanduku mengi, na la hofu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu tunalijaza huku huku. Wengi wetu tuliondoka vijana, tukilala kwenye vyumba ambavyo mlango wake ulifungwa kwa kamba, na hatukumwogopa mtu. Tumejenga nyumba tukiwa mbali, tofali moja moja kwa zamu za usiku, na kwa kuwa hatukuwapo, hatuwajui majirani wa nyumba hizo. Tunachokijua ni picha za simu. Kila msiba unatufikia kabla haujapoa, na hakuna anayetutumia picha ya jioni ambayo watu walifungua lango, wakaingia, wakala, wakalala. Jioni za namna hiyo ndizo nyingi. Huku nako hatuko salama kama tunavyojigamba. Akina mama wa mtaa wangu wanaogopa visu kuliko wa Nakuru wanavyoogopa panga, na kila mlango siku hizi una kamera inayomkodolea macho hata mtu wa posta. Siwalaumu wenye leseni na silaha zao. Wapo wanaohitaji, na aliyevunjwa mkono langoni kwake hana haja ya kufundishwa na mtu wa kalamu. Lakini nimejifunza kuwa na shaka na mjadala wowote mtamu kuhusu ipi kati ya mbili. Mara nyingi swali la ipi ni pazia tunalolitundika mbele ya swali la je, iwepo au isiwepo.

Juzi nilimpigia mjane simu kumpa pole. Nilikuwa nimeandaa maneno, kama tunavyoandaa, akanipokonya yote kwa kuniuliza kama nimekula. Kisha akanieleza siku yenyewe. Walikula pamoja, mumewe akasema anakwenda kunyoosha mgongo, yeye akabaki anaosha vyombo huku redio inaongea. Alipomaliza alipika chai, akampelekea. “Niliingia tu, shemeji,” akasema. “Chumba kilikuwa na giza kidogo, alikuwa amefunga pazia. Nilimguza bega. Nikajua.” Kisha akaendelea kwa sauti iliyotulia. “Unajua kitu nilikuwa naogopa zaidi huko Hayes? Si eti atauliwa. Niliogopa nitakuwa nikifika kwangu nasimama nje ya mlango wa chumba na chai mkononi napiga hodi, nasema jina langu kwa sauti, ndio mume wangu asiniogope. Na sikupiga hodi, shemeji. Siku zote zile tumekaa hapa, hata mara moja. Hata siku hiyo.”

Nilikata simu nikaketi. Tunajenga kuta, tunafuga mbwa, tunapima silaha ipi inakaa vizuri mfukoni, na yote hayo tunayaita kulinda nyumba. Mzee wa Hayes alipoteza televisheni na koti, na dirisha lake likafungwa kwa vyuma. Lakini hadi pumzi yake ya mwisho, mtu aliyempenda aliweza kuingia alipolala, gizani, bila kusema ni nani.